Gari Limekataliwa na Mkaguzi: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Sumbawanga na Ufipa

Mkaguzi wa magari wa Polisi amelizunguka gari lako, ameingia uvunguni, ametoka na kuandika: breki hazishiki sawasawa, tairi moja la nyuma ni kipara, taa ya breki ya kushoto imekufa. Anakwambia ukarekebishe, kisha urudi. Je, siku hizo za kusubiri unaruhusiwa kuliendesha?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari lililo barabarani liwe zima. Kungoja ukaguzi wa pili hakulifanyi gari bovu kuwa zima. Kwa hiyo, kabla hujawasha injini, muulize mkaguzi mambo mawili: kasoro zote ni zipi, na je, gari hili linaweza kwenda lenyewe hadi gereji au livutwe? Akikuruhusu, nenda gereji moja kwa moja. Usipitie sokoni kuchukua abiria, wala usipakie hata gunia moja la mahindi. Kama namba za usajili zimeng'olewa, jinsi tunavyoona kwa mabasi mabovu, hakuna cha kuuliza: halitembei mpaka zirudishwe.

Wengi hujikwaa kwenye risiti. Dereva ameandikiwa faini ya shilingi 30,000, amelipa kwa namba ya malipo, amekunja risiti na kuiweka kwenye dashibodi. Akisimamishwa tena mbele ya safari, anaitoa kama kibali. Ndugu dereva, risiti hiyo inathibitisha kwamba umelipia kosa lililokwisha kutendeka. Breki iko vilevile. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama nayo inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, basi. Haiwezi kulitetea tairi lililoisha miezi mitano baadaye.

Tunasisitiza kwamba gari bovu lisiendeshwe kwa sababu ya mazingira tunayoishi. Sumbawanga iko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Anayetoka Ntendo kwenda Muze bondeni anaushuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mjini, ambako mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa na barabara ni tambarare, breki dhaifu inaweza kukuficha ugonjwa wake wiki nzima. Mteremkoni haifichi. Ukiikanyaga mfululizo, pedi zinapata moto, oili ya breki inachemka, na pedali inazama chini ya mguu kama umekanyaga sifongo. Hapo huna tena muda wa kumkumbuka fundi. Watu wanaopanda na kushuka pale na mizigo yao kichwani ni jamaa zetu, na gari lako likikosa breki ndio watakaokuwa mbele yake.

Fundi akimaliza, jaribu kwanza mkiwa gereji. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki kwa nguvu na uhesabu hadi 30 bila kuachia. Pedali ikishuka polepole, kuna mahali panavuja au silinda imechoka: mrudishie kazi yake. Kamwe usiende kuijaribu breki mpya kwenye mteremko.

Na kama mkaguzi alisema gari livutwe: kuvutana kwa kamba kumezoeleka, lakini kwa gari lisilo na breki ni hatari kubwa. La mbele likipunguza mwendo, la nyuma halina cha kulizuia. Tena injini ikizimwa, kisaidizi cha breki hakifanyi kazi na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Tumia chuma cha kuvutia, au ulipie lori la kulibeba. Ni gharama, tunajua, hasa kwa aliye Laela au Matai. Mara nyingi ni nafuu kumleta fundi na vipuri mahali gari lilipo.

Bima nayo isikudanganye. Bima ndogo ni lazima kwa kila gari, lakini hailipii gari lako mwenyewe. Mwenye bima kubwa asome masharti yake, maana kwa kawaida yanamtaka alitunze gari liwe salama. Ajali ikitokea na karatasi ya mkaguzi ikawa imetaja breki hizohizo siku tatu kabla, madai yake yanaweza kukataliwa.

Wapo wanaosikia kwamba Uingereza mtu anaruhusiwa kuendesha gari kwenda kwenye ukaguzi aliouwekea miadi hata kama cheti cha ukaguzi kimeisha muda. Ni kweli, lakini hata huko gari lenye kasoro ya hatari haliruhusiwi kuingia barabarani.

Siku ya kurudi, beba karatasi ya kwanza ya mkaguzi, risiti za vipuri na, ukiweza, kifaa cha zamani kilichotolewa. Mkaguzi akiona pedi iliyolika hadi chuma, ataelewa kilichofanyika bila maelezo marefu. Mwombe aandike kwamba kasoro zimeondolewa, kisha uiweke karatasi hiyo garini pamoja na leseni. Mwenye gari la abiria au mizigo awasiliane pia na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kuhusu leseni ya usafirishaji kabla ya kurudi kwenye foleni ya stendi.