Jemadari Paulus na Amri ya Stalingrad

Wengi wetu hupenda kusoma habari za majemadari walioshinda. Leo natumaini mtavumilia kusoma habari za mmoja aliyeshindwa, maana fundisho lake ni kubwa.

Friedrich Paulus alizaliwa Ujerumani mwaka 1890, akaingia jeshini mwaka 1910. Alikuwa mtaratibu, hodari wa kupanga mipango na hesabu za vita. Mwaka 1940 alisaidia kutunga mpango wa kuishambulia Urusi. Januari 1942 alipewa Jeshi la Sita, ingawa hakuwa amepata kuongoza hata divisheni moja vitani.

Mwezi wa Agosti jeshi hilo lilifika mto Volga, penye mji wa Stalingrad. Wakapigana nyumba kwa nyumba, na raia wengi wakafa. Tarehe 19 Novemba Warusi walianza kushambulia ubavuni, na siku nne baadaye wakawa wamewazingira askari wapatao robo milioni. Paulus aliomba ruhusa ya kutoka. Hitler akakataa, akaahidi kuwapelekea vyakula na risasi kwa eropleni. Jeshi lilihitaji walau tani 300 kila siku. Zilizofika zilikuwa kama 100 tu. Paulus alijua hesabu, naye akatii.

Desemba jeshi la kuwaokoa lilikaribia, likabakiza kilometa kama 50. Paulus hakutoka kulilaki, kwa kuwa amri haikuja. Tarehe 8 Januari 1943 Warusi walimtaka asalimu amri, akakataa, na askari wake wakazidi kufa kwa njaa na baridi. Tarehe 30 Hitler alimpa cheo cha Fildimashali, akitumaini atajiua asitekwe. Kesho yake alitekwa ndani ya chumba cha chini cha duka kubwa.

Wafungwa walikuwa kama 91,000. Waliorudi kwao ni kama 6,000. Mwaka 1946 Paulus alitoa ushahidi Nuremberg, akaeleza jinsi vita vya Urusi vilivyopangwa. Maji yalikwisha kumwagika. Aliachiliwa mwaka 1953, akafa Dresden mwaka 1957.

Je, utii ni mbaya? La, jeshi lisilo na utii ni kundi tu. Lakini aliyetoa amri alikuwa mbali, na aliyeona watu wakifa alikuwa Paulus. Basi sisi viranja, nanyi ndugu zetu mliokwisha kushika kazi, tukumbuke: amri yaweza kutoka juu, lakini watu tuliokabidhiwa tutaulizwa sisi.