SOMO LA AFYA: UYOGA NA NGOZI INAYOWASHA



Sokoni kuna wachuuzi wenye chupa za maji ya uyoga, wakisema yanaponya pumu ya ngozi (wengine huita ukurutu). Mama ambaye mtoto wake anajikuna usiku kucha atauza kuku ainunue. Basi tujifunze kabla kuku hajauzwa.

Pumu ya ngozi sio uchafu wala kurogwa, na haiambukizi. Ngozi inashindwa kushika maji yake, na kinga ya mwili inakasirika upesi. Kwa ngozi nyeusi mara nyingi haionekani nyekundu, bali mahali pale panakuwa peusi zaidi.

Je, uyoga una dawa? Wachina wametumia uyoga wa reishi kwa karne nyingi. Ndani ya uyoga kuna kitu kinachoitwa beta-glukani, na wataalamu wameona kinagusa kinga ya mwili. Lakini majaribio mengi ni ya maabara na ya panya, na panya si mtoto wako. Huko Slovakia walijaribu krimu ya beta-glukani kutoka uyoga wa oyista, huu huu tunaokuza kwenye mifuko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wagonjwa ambao hali yao haikuwa kali walipaka upande mmoja wa mwili, na upande huo ukapata nafuu zaidi. Ni habari njema, ila mgonjwa na daktari wote walijua upande uliopakwa, na anayejua huona kile anachotumaini. Tena ile ilikuwa krimu safi ya kiwandani. Ukisaga uyoga nyumbani na kuupaka kwenye kidonda, unapaka vijidudu!

Uyoga wenyewe unaweza kuharibu ngozi. Huko Japani, mwaka 1977, iliandikwa habari ya watu waliokula uyoga wa shiitake, kisha wakatokwa na mistari mwilini kama waliochapwa viboko. Shida ni shiitake mbichi au isiyoiva. Ipikeni iive kabisa.

Sasa huyo mtoto tumfanyie nini? Aoge maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na apakwe mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, kila siku hata akiwa hawashwi. Ikichachamaa, kliniki itatoa krimu kama haidrokotisoni, fuateni maelezo. Krimu ya “miti shamba” isiyo na lebo inayoponya kwa siku mbili, ishukuni. Baadhi zimekutwa na steroidi kali ndani. Akiwa na usaha au homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Na wanaokuza uyoga, endeleeni. Uzeni kama chakula. Mkiandika “dawa” kwenye pakiti, hayo ni mambo ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwetu, nani anauza dawa za ngozi, na je, zina lebo?
2. Bei ya chupa moja ya uyoga ingenunua mikebe mingapi ya mafuta ya mgando?
3. Mteja akiuliza kama uyoga wetu unaponya, tutamjibu nini?