Makazi ya dharura mtaani: haki za wanaohifadhiwa na haki za majirani

Makazi ya dharura ni nyumba inayowapokea kwa muda watu waliokosa pa kulala: waliofurikiwa na maji ya masika Sebleni au Mwanakwerekwe, walioambiwa watoke katika nyumba chakavu ya Mji Mkongwe, mama aliyekimbia kipigo na wanawe. Unguja jambo hili si geni. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zimo katikati ya watu, kijiji cha watoto cha SOS kipo mtaa wa Mombasa tangu 1991, na skuli nazo zimewahi kuwalaza waliofurikiwa.

Msingi wa haki umo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kifungu cha 12 kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na cha 16 kinalinda uhuru wa mtu kwenda na kuishi anakotaka. Kwa hiyo majirani hawana kura ya kuamua nani aishi mtaani kwao. Umasikini wa mtu, ugeni wake au madawa aliyoyatumia zamani si sababu ya kumfukuza. Wanachoweza kudai ni nyumba yenyewe iwe halali, salama na safi, na dai hilo ni la haki kabisa. Karo la maji machafu lililochimbwa kwa ajili ya familia moja halihimili watu ishirini. Likifurika uchochoroni, jirani ana haki ya kulalamika Baraza la Manispaa, na mwenye makazi ana wajibu wa kurekebisha.

Penye ugomvi mwingi ni kwenye umiliki wa nyumba. Nyingi za mjini ni za urithi, na mrithi mmoja hawezi kuitoa nyumba yote bila ya ridhaa ya wenziwe, hata akiwa yeye peke yake ndiye anayeishi Unguja na wengine wako Maskati au Dar es Salaam. Ridhaa hiyo iandikwe na itiwe saini. Anayetaka nyumba yake ibaki daima kwa wasio na pa kukaa anaweza kuiweka wakfu, kama walivyofanya wenyeji wengi wa Mji Mkongwe zamani. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na msimamizi wake ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ndani ya Mji Mkongwe, kuongeza choo, kubomoa ukuta au kugawa chumba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Sharti hilo linaokoa roho za watu. Kuta za mawe na chokaa na dari za boriti zikiingia maji hupoteza nguvu, na Disemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka na kuua watu wawili. Kuwatoa watu kwenye nyumba mbovu na kuwalaza kwenye nyumba mbovu nyengine si msaada.

Sheha, kiongozi wa shehia, apewe taarifa mapema, kabla ya magodoro kuingizwa. Ndiye anayeweka kumbukumbu za wanaohamia na kuhama katika shehia, na barua yake ndiyo inayomwezesha aliyepoteza vitambulisho kwenye mafuriko kuanza kuvitafuta upya. Sheha anaweza kusikiliza malalamiko na kusuluhisha. Hana mamlaka ya mahkama.

Watoto wana utaratibu wao. Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na aliyefika bila ya mzazi lazima afikishwe kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nia njema haitoshi hapa. Aliyepigwa au kubakwa apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri wapo pamoja.

Jirani anayeyaunga mkono makazi naye ana haki ya kusikika sawasawa na anayeyapinga. Mara nyingi wapinzani hufika kwa sheha wakiwa kundi, na wanaounga mkono hubaki barazani wakisikitika. Waandike barua, waeleze wamejitolea nini: maji, zamu ya ulinzi wa usiku, mtu wa kuzungumza na majirani karo linapojaa. Wakitaka kukusanya michango kwa jina la kikundi, wakisajili kwa Mrajisi wa Jumuiya.

Ikiwa kuna amri ya kuwatoa watu, wanaohifadhiwa waulize imetolewa na nani, kwa sheria ipi, na waombe nakala. Watu wa mtaa wakivunja mlango na kutupa vyombo nje, hilo ni kosa la jinai na liripotiwe polisi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili ana haki ya msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 13 ya 2018. Wasaidizi wa sheria wapo mitaani, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinahudumia wananchi tangu 1992. Aende mapema, na achukue kila karatasi aliyonayo.