Kivai na Mukawa: Jua Tofauti Uokoe Maisha



Somo letu la leo ni juu ya mti ambao wazee wa Ukambani wanaujua sana, lakini watoto wengi wa siku hizi hawaujui. Ni kivai. Kwa Kiswahili huitwa msunguti, na jirani zetu Wamaasai huuita olmorijoi. Katika sehemu kavu kama zetu za Kinanie huota vichakani na penye mawe, hapo hapo tunapokata kuni na watoto wanapochunga mbuzi.

Wazee waliutumia kwa nini?

Mkamba alisifika kwa upinde, na sumu ya mshale wake ilitoka kwa kivai. Ilipakwa kwenye mshale, kisha ikafungwa kwa ngozi nyembamba isikauke na isimdhuru aliyeubeba. Sumu hiyo ikiingia katika damu huvuruga mapigo ya moyo mpaka moyo usimame. Hata mnyama mkubwa huanguka. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, lakini mti bado upo, na sumu yake ni ile ile.

Mambo yasemwayo

1. "Mti wenye sumu kali una ndege waliokufa chini yake." Usitegemee hivyo. Ndege hula matunda ya kivai yaliyoiva na kuruka zao. Kukosa ndege waliokufa sio dalili ya usalama.

2. "Sumu hii haidhuru tumboni, kwani wazee walikula nyama ya mnyama waliyempiga mshale." Ni kweli walikata nyama ya karibu na jeraha wakaitupa, wakala iliyobaki. Tena ni kweli sumu hii hupita tumboni polepole kuliko ikiingia kwenye damu. Lakini anayetafuna majani, gome au matunda mabichi anaweza kufa.

Hatari kubwa: kufanana na mukawa

Watoto wetu hupenda matunda ya mukawa. Shida ni kwamba miti hii miwili ni ya jamaa moja. Yote ina utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda yanayoiva kuwa ya zambarau au meusi. Mfundishe mtoto alama hii moja:

Mukawa una miiba. Kivai hakina miiba.

Kama hakuna miiba, usichume. Kuna watu hula matunda ya kivai yaliyoiva kabisa, lakini mtoto mwenye njaa hangoji yaive.

Tena, usichome mishikaki kwa vijiti vya kivai, wala usikorogee chakula. Ukikikata kwa panga, osha panga na mikono kwa sabuni. Wakati wa kiangazi angalia mbuzi, maana kivai hubaki kijani majani mengine yakiisha.

Na dawa je?

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa sumu safi kutoka mti wa jamaa ya kivai. Ikaitwa ouabain, kutokana na jina la Kisomali la sumu ya mshale. Madaktari wa Ulaya waliwadunga wagonjwa wa moyo kwa kipimo kisichofika miligramu moja. Huko Ethiopia waganga wameutumia mti huu kwa magonjwa ya ngozi.

Basi, tuchemshe mizizi nyumbani? Hapana! Kiasi cha kuponya na kiasi cha kuua vimekaribiana sana, na sumu ya mti mmoja sio sawa na ya mwingine. Sufuria haina kipimo cha daktari.

Mtu akidhurika

Dalili ni kutapika, kulegea, na moyo kwenda polepole au kurukaruka. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Kama sumu imeingia kwenye jeraha, lioshe kwa maji mengi na sabuni. Mtulize asitembee, mbebeni hospitali mara moja, na mchukue tawi la mti huo daktari alione. Msingoje dalili.

Kazi ya kikundi

Siku moja ya mwethya, nendeni na mzee anayeujua mti huu. Tieni rangi kila kivai kilicho karibu na shule, kisima na njia ya mifugo, kisha waonyesheni watoto.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kijijini kwetu anayekijua kivai vizuri?
2. Watoto wetu huchuma matunda wapi?
3. Mtoto akila kivai usiku, tutampeleka hospitali kwa gari la nani?