Mpaka wa Ngano na Bunilizi ya Kisayansi
Mwaka 2012, tamthilia ya televisheni ya Marekani, Once Upon a Time, iliyosheheni wahusika wa ngano kama Snow White, ilimwingiza Victor Frankenstein, mhusika wa riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Baadhi ya watazamaji walipinga: ngano huendeshwa na uchawi usiohitaji maelezo, ilhali bunilizi ya kisayansi hudai sababu. Hoja hiyo ina mashiko, ila inapuuza dhima ya mhusika huyo. Katika tamthilia hii, uchawi haufufui wafu; nayo sayansi ya daktari haifaulu bila moyo uliorogwa. Isitoshe, ulimwengu wake umesawiriwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo, mpaka wa tanzu haukufutwa, bali ulidhihirishwa.