Kabla ya Kwenda kwa Wakili

Hivi karibuni mama mmoja mjane alitujia na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Kesho yake alikuwa na miadi na wakili juu ya nyumba ya marehemu mumewe. Akauliza, "Mwalimu, nikifika nianzie wapi?" Swali hilo ndilo somo letu.

Chuoni tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu kwamba mwalimu asiye na andalio la somo asishike chaki. Kwa wakili ni vivyo hivyo. Tukianza na ugomvi wa mawifi wa miaka 20 iliyopita, muda utakwisha kabla hajajua tunataka nini, na muda huo hulipiwa.

Basi tuliketi naye mezani, tukaandika mambo kwa mfuatano wa tarehe: kufunga ndoa, kununua kiwanja, kujenga, kifo, siku shemeji alipobadili kufuli. Kila jambo mstari mmoja, pamoja na majina kamili ya mashahidi. Tarehe asiyoikumbuka tuliiachia nafasi wazi, maana tarehe ya kubuni huja kuulizwa mahakamani. Kisha tukapanga cheti cha ndoa, cheti cha kifo, hati ya mauziano na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nakala amwachie wakili. Zilizo halisi amwonyeshe tu, na akilazimika kuziacha aandikiwe kwamba zimepokelewa.

Kama imekwisha fika karatasi yo yote yenye mhuri wa mahakama, hiyo iwe juu ya zote. Siku zinahesabiwa. Kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni ndani ya siku 30, na kwa Tanzania Bara shauri la kudai ardhi lina ukomo wa miaka 12. Wengi hudhani haki haichakai.

Katikati ya kazi tuliona karatasi moja ameikunja ndogo na kuisukuma pembeni. Ilikuwa ya mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Marehemu aliiweka nyumba kuwa dhamana. "Hii tuiache, mwalimu. Itaniharibia."

Hapo tulimsimulia yetu. Mwaka 1998 tulidai shamba la michungwa la baba, huko Muheza. Tulijua kaka yetu alikwisha pokea fedha za jirani na kutia sahihi, lakini mbele ya wakili tulinyamaza kwa aibu. Jirani akaitoa karatasi ile mbele ya hakimu. Wakili wetu aligeuka akatutazama, na macho yale hatujayasahau. Shamba lilikwenda, na gharama tulilipa sisi.

Jambo baya na alisikie wakili kwanza, tena kutoka kwetu, angali na nafasi ya kulitafutia jibu. Wala tusiogope kwamba atalitangaza. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamkataza kutoa siri aliyoambiwa na mteja wake bila idhini ya mteja huyo, isipokuwa kama mtu anatafuta msaada ili atende uovu.

Juu ya fedha, tuulize bila haya: ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, na gharama gani nyingine zitafuata. Makubaliano yaandikwe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Wale vishoka wanaozunguka nje ya mahakama hawapendi kuandika. Wakili halali ana cheti cha uwakili kinachohuishwa kila mwaka. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017.

Mama yule alirudi jioni. Wakili hakumwahidi kushinda. Alisoma karatasi ile ya mkopo mara mbili, akamtuma kwanza kwenye chama akaulize deni limebaki kiasi gani.