MUTOTO AKIBADILIKA AKILI KWA GAFULA: MAMA AFANYE NINI?

Wamama, siku ya kilo tunasema mingi juu ya chanjo, kuhara na uji. Leo tuseme juu ya akili ya mutoto. Nayo inaweza kugonjwa, na kuna saa haiwezi kungojea kesho.

Tuseme mutoto wa miaka saba alicheza muzuri asubui. Mangaribi anaanza kusema maneno yasiyo na maana, anapiga kelele, anaona vitu ambavyo wengine hawaoni, hajui hata mama yake. Majirani wanasema: "Ni ulozi." Wengine wanataka kumufungia katika chumba cha maombi siku tatu bila kula. Hapana! Mumupeleke hospitali usiku uleule. Hapa kwetu, mutoto akigeuka namna hii, mara nyingi ni malaria imepanda ku kichwa. Ao ni meninjite, ile inayokaza shingo. Ao sukari imepunguka katika damu, ao ni kifafa. Malaria ya kichwa inaweza kumwua kwa siku moja ao mbili, na kumunyima chakula kunapunguza sukari zaidi. Kuomba ni vizuri, lakini mama anaweza kuomba akiwa njiani.

Kama mutoto anaweza kumeza, mupatie maji ya sukari mbele ya kutoka. Kama amezimia ao anatetemeka mwili wote, usimutilie kitu kinywani, hata kijiko. Mulalishe kwa upande. Kama alikunywa petroli, usimutapishe. Chukua ile chupa, uje nayo.

Muforomo atapima homa, atatoboa kidole aangalie malaria na sukari. Pengine munganga atatoa maji ya mugongo. Wamama wengi wanaogopa shindano ile, wanasema inaua. Kinachoua ni meninjite iliyochelewa, na bila maji yale munganga hawezi kuijua vizuri. Kisha atakuuliza: Ilianza lini? Alianguka? Imbwa alimuluma, hata kama ni miezi iliyopita? Alimeza nini? Useme yote, hata dawa ya kienyeji. Akikugombeza, useme tu.

Kuna hatari ingine isiyo na homa, na hii wazazi wanaizarau. Ni mutoto mukubwa kidogo, wa miaka kumi na mbili ao kumi na tano. Pengine aliona watu wakiuawa wakati wa vita, ao alishikwa kwa nguvu. Hakuli, halali, anakaa peke yake, siku moja anasema: "Afazali nife." Usiseme anadeka. Muulize wazi: "Unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumupi wazo lile, kunamupa njia ya kusema. Asibaki peke yake hata kidogo. Ficha mbali dawa ya panya, dawa ya shamba na vidonge vyote, umulete siku ileile. Kama alishikwa kwa nguvu, afike mbele ya saa 72 kuisha, juu dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza mbele ya saa zile. Zikipita, mulete vilevile; kuna matunzo mengine.

Munganga ataomba kusema naye peke yake. Mama, utoke inje kidogo. Si kukuzarau. Kuna maneno mutoto hawezi kuyasema mbele ya wazazi, zaidi kama aliyemutendea mabaya ni mutu wa nyumbani.

Akiona inafaa, atamutuma kwa wenye kujua magonjwa ya akili: Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Kulala kule si haya.

Na yule anayemwita mutoto mulozi ajue kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza neno lile, na inaazibu.

Mukirudi nyumbani na dawa ya kifafa, mutoto ameze kila siku, hata kama mwezi unapita bila kuanguka. Usiikate wewe mwenyewe. Siku ya kurudi imeandikwa ku fishi. Dawa ikielekea kuisha mbele ya siku ile, kuja tu.